Wanachuo wa China: kujitolea ni moyo au ni pointi?

Kiboko ya Mizengwe
Wakuu, wimbo huu umenichosha: vijana wa vyuo China wana moyo wa kuutumikia umma, wa kwetu wavivu. Mfano unaoletwa kila mara ni Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing 2022, ambako walioomba kujitolea walipita milioni moja na waliochukuliwa hawakufika 20,000. Sawa. Lakini nani kawauliza wanapata nini?

Chukueni Mpango wa Magharibi, ule ulioanza 2003. Mhitimu anapelekwa wilaya ya pembezoni, Guizhou, Gansu, Xinjiang huko. Mkataba unaweza kurefushwa hadi miaka mitatu, posho ya kujikimu na bima vipo. Akimaliza miaka 2 na kupasi tathmini, anaongezewa alama 10 kwenye mtihani wa uzamili, mradi aufanye ndani ya miaka 3. Mtihani wenyewe una alama 500: siasa 100, lugha ya kigeni 100, na masomo mawili ya 150 kila moja. Pale kwenye mstari wa kukata, ambako watu wanaachana kwa alama moja, kumi ni mali. Halafu kwenye ajira za serikali zipo nafasi wanazogombea wao kwa wao, waliopitia miradi ya namna hii. Mtihani wa kitaifa wa 2025 ulikuwa na nafasi kama 39,700, na waliopitishwa kuomba walizidi milioni 3.4. Kwa foleni hiyo nani asingekwenda kijijini? Hata damu siku hizi wanatoa ili chuoni waandikiwe saa za kujitolea.

Ondoeni pointi, tuone nani anabaki.

Bint Pangani
Kaka Kiboko, umechagua mpango unaokufaa ukaukimbia unaokuumbua. Vipo vikosi vya ualimu vya wanafunzi wa uzamili, vilianza kupeleka watu 1999. Mwanafunzi anachaguliwa mwanzoni mwa mwaka wa mwisho, anapewa nafasi ya uzamili bila mtihani, chuo kinamshikia nafasi hiyo mwaka mzima, ndipo anakwenda kufundisha wilayani. Zawadi imetangulia kazi. Kama ni hesabu tu, akifika kule afundishe vipindi vyake akalale. Sasa nieleze kinachomtoa kitandani alfajiri kwenda kusimamia watoto wanaojisomea kabla ya vipindi.

Kiboko ya Mizengwe
Kinachomtoa kitandani ni tathmini, dada. Akivurunda kule, nafasi inachukuliwa. Zawadi haijatangulia popote, imewekwa rehani.

Mchele Super
Na Xu Benyu je? Alishinda nafasi ya uzamili pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, akaiacha, akaenda kufundisha kijijini Guizhou. Televisheni ya taifa ikampa tuzo ya mwaka 2004, nchi nzima ikalia. Baadaye akaja hata Zimbabwe kufundisha kwa kujitolea. Huyo naye alikuwa anatafuta alama 10?

Kiboko ya Mizengwe
Chuo kilimtunzia nafasi yake, mkuu. Malizia hadithi.

Mchele Super
Kilimtunzia BAADA ya yeye kusema anakwenda. Unasoma kwa jicho moja.

Sista wa Mfuko
Mimi ya alama sina neno. Ile sentensi ya damu ndiyo imenikera, maana mmeipita kama vile ni jambo linalojulikana. "Wanatoa ili waandikiwe saa." Anayesema hivyo hajui hata basi la damu linavyofanya kazi.

Basi linaegeshwa langoni mwa chuo. Unajaza fomu ya afya, unapimwa uzito: mwanamume chini ya kilo 50 anarudi, mwanamke chini ya 45 anarudi. Presha. Halafu unatobolewa kidole kupima wingi wa damu, gramu 120 kwa lita kwa mwanamume, 115 kwa mwanamke. Njia ya zamani ni tone kwenye maji ya mrututu: likizama haraka una damu ya kutosha, likielea juu au likisitasita, kwaheri. Kuna na kipimo cha kimeng'enya cha ini, na hapo ndipo wanachuo wanaanguka wengi, kwa sababu aliyekesha kwenye gemu au aliyekunywa jana yake kinampanda. Ukipita vyote unatolewa mililita 200 hadi 400, kisha hurudi mpaka miezi 6 ipite. Maana yake ukijitahidi sana ni mara mbili kwa mwaka.

Sasa hesabu wewe mwenye hesabu. Kuna vyuo vinavyogeuza kutoa damu kuwa saa, vingine havigeuzi. Hata kwa vinavyogeuza, anayewinda saa atakwenda kupanga vitabu maktaba kila Jumamosi. Hatobolewi, hakataliwi, na saa zinaingia kila wiki.

Mzee Kipara
Damu na China tena? Si ndiko watu walikuwa wanauza damu kijiji kizima kikapata UKIMWI? Hao ndio tunajifunza kwao kujitolea?

Sista wa Mfuko
Mzee wangu, heshima yako, lakini hapo umechanganya mchele na pumba. Iliyoleta maafa jimbo la Henan miaka ya tisini ilikuwa biashara ya plazma, yaani majimaji ya damu. Mtu analipwa, damu yake inachanganywa na ya wenzake, plazma inachujwa, chembe nyekundu zilizochanganyika zinarudishwa mwilini ili kesho auze tena. Virusi vikasafiri kwa njia hiyo. Sheria ya Utoaji Damu iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1998 ilikuja kuikataa damu ya kuuza ya hospitalini na kuweka ya hiari. Mwanachuo anayepanda basi leo hauzi kitu.

Mzee Kipara
Hauzi, lakini madalali walikuwepo. Usinifiche.

Sista wa Mfuko
Walikuwepo, na walikuwa kwenye ule utaratibu wa "ndugu atoe ndipo mgonjwa apewe". Familia isiyo na mtoaji inatafuta dalali, dalali anatafuta kijana mwenye njaa anayejiita binamu wa mgonjwa, na wanachuo walikuwa windo rahisi. Ndiyo maana utaratibu huo ulisitishwa mwishoni mwa Machi 2018. Umeridhika?

Kalamu Kavu
Mnabishana kuhusu madalali, jambo lenyewe liko wazi machoni. China ina ukame wa damu wa misimu: Januari na Februari, kisha Julai na Agosti. Kwa nini? Vyuo vimefunga. Wanachuo ni sehemu kubwa ya watoaji, wakienda likizo benki za damu zinalia.

Moyo wa mtu si unasafiri naye kwenda kwao? Na huko kwao basi la damu lipo, mitaani, karibu na maduka makubwa. Mbona hapandi? Kwa sababu chuoni alipanda na wenzake wanne wa bwenini, wakati basi liko kwenye njia ya kwenda kula. Sababu si saa za kaka Kiboko, wala si huruma ya dada Pangani. Ni basi kuwa langoni na wenzio kuwa kwenye foleni. Msidhani ni ya Wachina peke yao: Tanzania na Kenya damu inakusanywa kwa wingi kwenye shule za sekondari, shule zikifungwa akiba inashuka vilevile.

Bint Pangani
Kwa hiyo unasema vijana hawa hawana utashi, wanafuata mkumbo kama mbuzi? Umewatukana watu wanaotoa damu bure, halafu unajiona mchambuzi.

Kalamu Kavu
Nimesema foleni. Mbuzi umewaleta wewe.

Mchele Super
Mwenye kudharau vijana wa China asome habari za Huang Wenxiu. Shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing, angekaa mjini akala kiyoyozi. Akarudi kwao Guangxi, akawa katibu wa kwanza wa kijiji cha Baini, wilaya ya Leye, kuondoa umaskini. Tarehe 17 Juni 2019 mafuriko yalimchukua akirudi kazini usiku. Miaka 30. Semeni na huyo alifuata basi langoni.

Kiboko ya Mizengwe
Mungu amrehemu. Lakini usimfanye marehemu fimbo ya kutuchapia. Huang aliingia kwa njia ya wahitimu teule wanaochukuliwa na jimbo na kupelekwa ngazi za chini. Alikuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara, hakuwa wa kujitolea. Na njia hiyo mara nyingi inataka uwe mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, au uliyekuwa kiongozi wa wanafunzi, au mwenye tuzo za chuo. Umeona? Tunarudi palepale, kwenye faili.

Mchele Super
Mtu amekufa, wewe unaona faili. Haya.

Nduli wa Data
Naona saa zinatajwa tajwa bila kujua zinavyopatikana, ngoja niweke sawa. Kanuni za Huduma za Kujitolea zilianza tarehe 1 Desemba 2017. Zinamtaka mwandaaji aandike kwa ukweli nani alikuja, alifanya nini, saa ngapi. Muda wa kwenda na kurudi haupaswi kuhesabiwa, ni kazi tu. Kuna na nyota: saa 100 nyota moja, 300 mbili, 600 tatu, 1,000 nne, 1,500 tano. Cheti ni bure.

Yanapoharibika ni hapa. Kwanza, anayeingiza saa kwenye mfumo ni mwandaaji, si mwanafunzi. Akiwa mvivu anapandisha orodha nzima kwa mkupuo, na waliokunywa chai saa mbili wanaandikiwa sawa na waliobeba meza kutwa. Pili, kuskani msimbo wa kuingia: unaskani, unapiga picha na bango jekundu, unaondoka, kwa sababu wa kutoka hausimamiwi. Tatu, mifumo ni zaidi ya mmoja. Upo wa Wizara ya Mambo ya Kiraia, zipo programu zinazotumiwa na Jumuiya ya Vijana wa Kikomunisti, na saa za huku hazionekani kule. Mwanafunzi aliyefanya kazi kweli anajikuta ana sifuri chuoni.

Tangu 2018 Jumuiya ya Vijana na Wizara ya Elimu wamesukuma vyuo vyote viwe na ripoti ya matokeo ya darasa la pili, yaani shughuli za nje ya masomo. Vyuo vingi vimeweka kiwango cha chini cha kuhitimu. Ndiyo maana soko la saa za kununua mtandaoni linachangamka wanafunzi wanapokaribia kuhitimu. Anayenunua hataki pointi za kumpita mwenzake, anataka ahitimu. Hivyo ni vitu viwili, na kaka Kiboko umevitia kapu moja.

Kiboko ya Mizengwe
Vyote ni karatasi. Umenisaidia, asante.

Bint Pangani
Hakukusaidia. Mtu akilazimishwa saa 20 na akafanya 300, zile 280 ni za nani?

Kiboko ya Mizengwe
Za nyota mbili.

Kalamu Kavu
Hahaha, hiyo imeingia.

Bint Pangani
Cheka tu. Tafiti zenyewe zinaonyesha huruma na wajibu kwa umma vinatajwa sana na wanafunzi. Kile kipimo cha Perry, mtafiti wa Marekani, cha 1996 kinagawa ari ya kuutumikia umma katika mafungu manne: kuvutwa na utungaji sera, kujali maslahi ya umma, huruma, na kujinyima. Kimetumika China mara nyingi tu.

Nduli wa Data
Kimetumika, lakini angalia kinavyojazwa. Aghalabu dodoso linapita kwa mshauri wa darasa, ambaye anatuma kiungo kwenye kundi la WeChat. Huyohuyo ndiye ana sauti kwenye tuzo, ufadhili na mapendekezo ya kuingia chama. Swali linasema "niko tayari kujinyima kwa ajili ya jamii", chagua 1 mpaka 5. Hata bila jina, nani ataweka 2? Na fungu la kuvutwa na sera lina shida yake, maana maneno yake yaliandikwa kwa Marekani, watu wanaoishi na siasa za vyama kushindana. Mimi ningeacha kuuliza, ningetazama wanaorefusha mkataba wa Mpango wa Magharibi kuingia mwaka wa tatu. Alama 10 zinakamilika mwaka wa pili. Wa tatu hauongezi alama hata moja.

Bint Pangani
Hicho ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo.

Kiboko ya Mizengwe
Hukusema hivyo. Na mwaka wa tatu una fidia ya ada na mikopo kwa waliotoka vyuo vya serikali kuu, wanaokaa maeneo ya kati na magharibi miaka 3. Angalieni mkataba wote, msisome ukurasa wa kwanza.

Nduli wa Data
Kweli, ipo. Basi watenganishe: wenye mkopo na wasio na mkopo, ulinganishe nani anarefusha. Hapo tutazungumza.

Mzee Kipara
Nyie endeleeni na mikataba. Mimi nauliza yule sista wa damu: eti ukila chipsi usiku, asubuhi wanakukataa? Kijana wangu anasoma huko, anataka kupanda hilo basi.

Sista wa Mfuko
Mzee, si kwamba watakukataa mlangoni, shida inakuja baadaye. Ukila mafuta mengi usiku au asubuhi yake, plazma inakuwa nyeupe kama maziwa, mfuko unatupwa na damu yako imekwenda bure. Mwambie ale wali, mkate, matunda, kifungua kinywa asiache kabisa maana atazimia kwenye kiti. Maji anywe. Alale mapema. Asiwe amechora tatuu ndani ya mwaka mmoja. Na kama ni mara ya kwanza na ni mwembamba, aanze na 200, asijitie ubabe wa 400 mbele ya wenzake wa bwenini.

Kalamu Kavu
"Mbele ya wenzake wa bwenini." Sista, asante kwa kunipigia debe.

Sista wa Mfuko
Sijakupigia debe. Nimemjibu mzee.