Kodi ya nyumba ya kampuni inakatwa kwenye mshahara: naomba msaada

Baba Furaha, Iowa: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko kiwanda cha nyama, tunakaa nyumba za kampuni. Shifti zimepunguzwa, OT (saa za ziada) hakuna, ila kodi wanakata ileile kabla hela haijaingia benki. HR, ofisi ya wafanyakazi, wanasema nilisaini. Ofisi ya kazi ya jimbo imenirudishia fomu ya madai, eti haina kiambatisho. Kipi hicho? W-2 (fomu ya mshahara na kodi ya mwaka) na hati zote za mshahara ninazo.

Mama Zuhura, Ohio: Pole mdogo wangu. Mimi walinikata hela ya buti na glavu, mpaka leo sijaiona. Usisaini kingine chochote.

Mwalimu, Chicago: Mchezo huu ni wa zamani. George Pullman alitengeneza mabehewa ya kulala, akajenga mji mzima hapa kusini mwa Chicago kuanzia 1880: nyumba, maduka, maktaba, mpaka kanisa la kupangisha. Uchumi ulipoanguka 1893 akashusha mishahara kwa wastani wa asilimia 25 hivi, kodi hakuigusa. Mei 1894 watu wakagoma. Chama cha reli cha Eugene Debs kikasusia kila treni yenye behewa la Pullman, safari za magharibi zikakwama. Rais Cleveland akaleta jeshi, Debs akaishia jela. Ila 1898 mahakama ya juu ya Illinois iliiamuru kampuni iachane na nyumba zile.

Kijana wa Tanga, Texas: Shikamoo Mwalimu. Kumbe Mei Mosi ilitoka hapo?

Mwalimu, Chicago: Marahaba. Hapana, usichanganye. Mei Mosi ni mgomo wa 1886 wa kudai kazi isizidi saa 8 kwa siku, na bomu la uwanja wa Haymarket, hapa Chicago, siku tatu baadaye. Hii sikukuu yao ya wafanyakazi ya Septemba, Labor Day, ndiyo Cleveland aliisaini Juni 28, 1894, siku mbili tu baada ya treni kuanza kususiwa.

Da Mwanaidi, Minneapolis: Mwalimu, samahani, mbona hapo umeruka? Chama cha Debs kilipiga kura kuwakataa weusi. Wahudumu wa mabehewa yale, wengi waliotoka utumwani au wana wa watumwa, waliishi kwa bakshishi. Chama chao kilikuja 1925, kikiongozwa na A. Philip Randolph.

Mwalimu, Chicago: Sikuruka, sikuwa nimefika.

Baba Furaha, Iowa: Nashukuru, ila kiambatisho jamani?

Kijana wa Tanga, Texas: Yaani Mei Mosi imeanzia huku na siku hiyo mimi niko ghalani! Nyumbani ni fulana mpya, tarumbeta, watu wanangoja rais atangaze nyongeza.

Baba Wawili, Minnesota: Nyongeza ya kutangazwa. Kwetu Kenya inatangazwa uwanjani, mwajiri anajifanya hakuisikia.

Da Mwanaidi, Minneapolis: Na huku je? Hukumsikia Baba Furaha?

Mama Zuhura, Ohio: Siasa pelekeni kwingine. Baba Furaha, ya Ohio ninayo, nitakutumia picha.

Baba Wawili, Minnesota: Ya Ohio itamsaidia nini mtu wa Iowa? Kila jimbo lina fomu zake.

Mwalimu, Chicago: Mji ule wa Pullman sasa ni hifadhi ya taifa, kuingia bure. Mkija kiangazi nitawatembeza, nyumba za wafanyakazi bado zina watu.