Mteja yuko Deira, kadi imegoma, eti "fika tawi lililo karibu nawe"!

Kontena40
Wakuu, ile benki mnaijua, ile ya foleni mpaka barabarani. Jibu lao limeingia sasa hivi: "Ndugu mteja, tafadhali fika tawi lililo karibu nawe ukiwa na kitambulisho." Mteja yuko Deira! Dubai! Tawi lililo karibu naye liko ng'ambo ya Bahari ya Hindi! Apige mbizi? Au apande jahazi angoje kaskazi imrudishe Dar?

Na tatizo lenyewe ni la dakika mbili. Kadi imefungwa matumizi ya nje. Salio lipo, namba ya siri ni sahihi, ATM inasema muamala umekataliwa. Kufungua ni mtu wa makao makuu kubonyeza kitufe. Badala yake, fika tawi!

Ukigeuza kadi upige huduma kwa wateja, namba inaanza na 0800. Namba ya bure ya nyumbani haipatikani kutoka nje ya nchi, na ile ya +255 hawakuiandika. Ukitaka kulipa mtandaoni, namba za uthibitisho zinatumwa kwenye laini ya Bongo ambayo bila romingi haisomi. Kwa hiyo hata tiketi ya kwenda kwenye hilo tawi lao hainunuliki! Fika tawi lililo karibu nawe! Wana akili kweli hawa?

bintiPwani
Pole mkuu, hao ni wale wale. Wengi hawajui kwamba matumizi ya nje yana vifungo vitatu: ATM, mashine za dukani na malipo ya mtandaoni. Wanakufungulia kimoja wanakwambia tayari. Kabla ya safari taja vyote vitatu, taja tarehe ya kwenda na kurudi, taja na nchi unayopita kubadilisha ndege. Romingi ya ujumbe iwashwe ukiwa bado nyumbani.

MzeeWaDola
Mleta uzi unapiga kelele kama umeporwa nyumba. Mtu anavukaje bahari na kadi moja? Kadi mbili, benki mbili, Visa na Mastercard, kila moja mfuko wake. Na atoe hela kwenye ATM iliyo ndani ya benki, saa za kazi, ikimeza kadi aingie mlangoni aidai. ATM ya pembeni mwa duka ikimeza saa nne usiku, hiyo kadi sahau.

Kontena40
Mzee, kadi mbili sawa, lakini FIKA TAWI LILILO KARIBU NAWE ndiyo jibu la kumpa mtu aliye Deira? Jibu hilo tu.

kakaSinza
Afadhali mashine ikatae kuliko ikubali na kukuibia. Mwenye akaunti ya dola anaulizwa na ATM: ukatwe kwa dola au kwa dirham, hela ya huko? Anabonyeza dola kwa sababu anaijua. Kosa! Dirham imefungwa kwa 3.6725 kwa dola moja tangu 1997, kila mtu Dubai anajua. Dirham 1,000 ni dola 272.29. Mashine ikikupigia kwa 3.45, unakatwa dola 289.86. Dola 17 na nusu zimeondoka kwa kubonyeza kitufe! Kataa ubadilishaji, chagua dirham, hela inatoka vilevile. Wamekiandika kile kitufe kwa namna ya kukutisha, kama vile ukikataa hupati kitu. Dukani pia, soma kioo kabla hujachanja.

GuangzhouNjooUone
Nyie wa Dubai mnalilia nini? Huku Guangzhou vibanda vya sokoni Visa yako hawaitaki kabisa, ni Alipay au WeChat, programu za kulipa kwa simu. Kadi ya nje unaiunganisha humo, na uiunganishe ukiwa nyumbani ujumbe wa uthibitisho ufike. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, yakizidi ni asilimia 3 ya kiasi chote. Yuan 600 kwa mkupuo unakatwa 18, ukimwomba muuzaji apokee 200 mara tatu hukatwi. Na kumtumia mtu binafsi hela kwa kadi hiyo haiwezekani, ni kulipa wenye biashara tu. Hapo ndipo wengi wanakwama na mizigo imeshafungwa.

bintiPwani
Hoteli nazo! Dhamana wanaishikilia kwenye kadi. Kwa kadi ya akaunti ya kawaida ile ni hela yako halisi imefungwa, na umeshaondoka bado siku kadhaa haijarudi.

LushiKatanga
Ninyi munalia kadi, njooni Lubumbashi. Dola ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha, hakuna mwenye kuipokea, hata muuza mkate. Tena ile ile waliikupa wenyewe benki!

MzeeWaDola
Na dola za vichwa vidogo je? Zile noti za mia za kabla ya 1996, zenye picha ndogo ya kichwa. Marekani kwenyewe ni halali mpaka leo, hapa kwenye maduka ya kubadilisha fedha wanakupunguzia bei kama vile ni vipande.

Kontena40
Wakuu, uzi ni wa TAWI LILILO KARIBU NAWE.

kakaSinza
Mzee, vichwa vidogo Kariakoo sasa hivi wanachukua kwa bei gani? Kuna watu wamekataliwa maduka matatu mfululizo.