Vitambaa vya kroshia vya mama mkwe: nivitandike kwenye kochi au vibaki sandukuni?

BiMdogo_Kasarani

Hamjambo wapendwa. Naomba ushauri, hasa wa kina mama waliokaa na nyumba miaka mingi.

Tulipohamia huku Kasarani, upande wa Mwiki, tulinunua kochi la kona la velveti ya kijivu na mito midogo ya rangi ya haradali. Juzi mama mkwe kaja kutoka Nyeri na sanduku la bati, na ndani mna seti nzima ya vitambaa vya kroshia: vya migongo, vya mikono, vya stuli, cha meza, na kimoja kirefu cha kabati. Rangi ya maziwa, ukingo wa kahawia, muundo wa nanasi. Alianza kuvifuma siku mwanawe alipomwambia anataka kuoa.

Mume wangu anasema vinaturudisha kwenye sebule za miaka ya tisini. Wenzake wa kazini walipokuja kutazama mpira walivicheka, na mmoja akavuta cha mgongoni akajifunga kilemba. Usiku ule nilivitoa vyote nikavikunja. Lakini mimi navipenda. Mume akitoka kwenda kazini navitandika, nakaa navyo mchana kutwa, kisha navitoa kabla hajarudi.

Mama anakuja tena Agosti. Je, vitakaaje juu ya velveti bila kuteleza? Ile mito niiondoe? Na kimoja kimemwagikiwa chai, nikifueje?

Jirani_Ruaka

Dada, mimi ningevirudisha sandukuni. Nimelelewa Kayole, na kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kuvitoa, kuvifua, kuvianika na kuvirudisha. Mgeni akiinuka, ameinuka nacho mgongoni. Mtoto akipanda kochi, vyote viko sakafuni. Kukaa sebuleni kwetu kulikuwa na masharti mengi mno, na sitaki wanangu wakae hivyo. Chagua kimoja kizuri, kitie fremu, ukitundike ukutani. Mama atakiona na kochi litapumua.

FundiViti_Gikomba

Nakujibu la kuteleza. Usitumie pini za mtoto kwenye velveti, zinatoboa na kuvuta nyuzi. Shona tepe nyembamba kwenye pembe mbili za juu za kitambaa, uzipitishe nyuma ya mgongo wa kochi, uzifunge huko kwa fundo la kufungulika. Kitambaa hakiendi popote na kochi halina kovu.

Mito: angalia kilichojazwa ndani. Ikiwa ni vipande vya sponji, vitasagika vifanye uvimbe. Weka faiba, na mto wa ndani uuzidi mfuko wa nje kwa inchi moja au mbili. Mfuko wa 16 kwa 16, weka mto wa 18. Hapo pembe zinasimama zenyewe.

MamaUzi_Umoja

Mwanangu, uzi ndio kazi yangu, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu. Nafuma hapa Umoja kwa oda, na Jumamosi chama chetu kinakutana kwangu, kila mama na sindano yake.

Mume wako na wenzake walijue hili kwanza: kroshia haina mashine. Sweta hufumwa kiwandani, shuka hufumwa kiwandani, na mazulia yote ya manyoya unayoyaona Eastleigh yametoka mtamboni. Kroshia ya kweli, popote ilipo duniani, ni mkono wa mtu na sindano moja yenye ndoano. Zile za bei rahisi zinazoitwa kroshia madukani ni wavu wa mtambo, au plastiki iliyopigwa chapa. Chukua kile cha meza ukigeuze, utazame katikati. Utaona kiduara kidogo: hapo ndipo mama mkwe wako alipoanzia, na ncha ya uzi kaificha kwa kuipitisha ndani ya mishono. Sasa fuata nanasi moja kwa kidole. Chini ni pana, nguzo nyingi zimesimama pamoja, na juu yake kuna safu ya vitanzi. Kila mzunguko kitanzi kimoja kinapungua, mpaka kileleni kinabaki kimoja tu. Ukikosa hesabu mahali, kitambaa kizima hakilali. Kinainuka kingo kama bakuli. Chako kikilala bapa mezani, jua huyo mama hakukosa hesabu hata akiwa amechoka. Kazi ya namna hiyo ndiyo aliyojifunga kichwani yule kijana.

Na hivi vitambaa havikuanza kama urembo mtupu. Uingereza ya karne ya 19, wanaume walipaka nywele mafuta yaliyosemwa yanatoka Makassar, bandari ya Indonesia, na migongo ya viti ikawa na madoa. Wenye nyumba wakatandika vitambaa vinavyofulika. Ayalandi nako, wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852, watawa waliwafundisha wanawake kufuma kroshia ili wauze wapate chakula. Kwetu sindano ilipita katika shule za misheni, na mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985, somo la Sayansi Kimu likampa mtoto wa msingi sindano na uzi darasani. Waliokuwa vijana miaka ile wanakumbuka kalikiti, nywele zinazometameta mafuta. Kijana akiegemea kochi dakika chache, ameacha alama ya kichwa. Mama zetu walijua walichokuwa wakifanya.

Leo mafuta yamepungua, vumbi halijapungua. Huku Eastlands udongo mweusi ukikauka unaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na barabara ya Mwiki unaijua kuliko mimi. Velveti haiingii kwenye beseni. Kitambaa kinaingia. Jirani wa Ruaka kaona kazi ya kufua vitambaa. Hajaona kazi ya kuosha kochi zima.

Sasa kufua. Jaribu kwanza ule ukingo wa kahawia: bonyeza kwa kipande cheupe chenye maji. Kikitoka na rangi, tumia maji baridi, fua haraka, usiloweke. Kisipotoka na kitu, loweka kwenye maji vuguvugu na sabuni, doa la chai ulibonyezebonyeze bila kusugua. Usitie jiki. Inadhoofisha uzi wa pamba, na rangi ya maziwa itabaki na mabaka. Usikamue kwa kupinda. Kizungushe ndani ya taulo ulikandamize.

Kutia wanga: koroga unga wa muhogo kidogo kwa maji baridi, kisha mimina maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka uji uwe mwembamba na ung'ae. Ukipoa, chovya. Wako waliotumia maji ya sukari, na kweli kitambaa kinasimama, lakini sisimizi watakikuta siku hiyohiyo. Baadaye kitandaze juu ya godoro lililofunikwa taulo, uvute kila ncha kwa vidole na kuichoma pini isiyoshika kutu. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, halafu wanasema kroshia inaonekana kuukuu. Ikikauka bila kuvutwa, mananasi yote yanasinyaa na huoni hata tundu.

Kutandika: usitandike vyote. Makochi ya zamani yalikuwa na maua, kitambaa chenye maua juu yake kikapotea. Wewe una kijivu kitupu, na rangi ya maziwa juu ya kijivu inaonyesha kila tundu. Mama mkwe wako hajawahi kupata mahali pazuri kuliko hapo. Weka migongoni pale vichwa vinapoegemea tu, mkono ulio wazi weka kimoja, na stuli zote. Mito ya haradali ibaki, lakini michache, kila mmoja pembeni ya kitambaa, usiwe juu yake. Mito ikiwa mingi mpaka mgeni aishike mapajani, hapo kweli ni usumbufu.

Na neno la mwisho, nakwambia kama mama. Acha kuvitoa kabla mumeo hajarudi. Akute vimetandikwa, mzungumze mkiwa wawili, umwonyeshe kile kiduara cha katikati. Ni mkono wa mamake.

BintiMvita_SouthB

Mama Uzi, Mungu akuzidishie. Sisi wa Pwani majlisi ni mito kuanzia ukutani hadi ukutani, na hakuna anayeicheka mpaka afike Nairobi! Mito ya nyumbani kwetu imejazwa usufi. Dada, ukipata mto wa usufi usiufue. Uanike jua kali, uupigepige, unafura upya. Mfuko wa nje ndio unafuliwa.

BiMdogo_Kasarani

Asanteni sana nyote. Ukingo haukutoa rangi, chai imetoka. Nimevivuta kwa pini kama Mama Uzi alivyosema, na sikujua kuna maua madogo kati ya mananasi. Fundi, tepe zimeshika.

Mume alivikuta. Nilimwonyesha pale katikati, akakishika muda mrefu, akasema cha mkononi tukitoe kwa sababu ndipo anapoweka simu na kikombe. Tumekubaliana hivyo. Tatizo lililobaki ni kile kirefu: kabati letu la televisheni ni refu kukizidi, kinaishia kabla ya pembe. Mama Uzi, unaweza kunifumia kingine kinachofanana?

MamaUzi_Umoja

Naweza, lakini sikushauri. Mkono wangu unakaza kuliko wa mama mkwe wako, na vikikaa sebule moja macho yataona. Uzi wa rangi ya maziwa nao hutofautiana kila unapopakwa rangi upya kiwandani. Huenda yeye bado ana bonge la ule wa kwanza.

Mpigie simu leo, aanze mapema kabla ya Agosti. Pima juu ya kabati urefu na upana kwa inchi, ongeza inchi tatu kila upande wa kuning'inia, na umwambie pia mananasi yaelekee wapi, maana kitambaa cha kabati husomwa kutoka mbele. Kile kifupi kitafaa dirishani, au juu ya lile sanduku la bati.