Mlango wa nakshi, banda la makuti au daka? Lango la rizoti Jambiani

MwanaPwani: Wadau salaam. Tuna rizoti ndogo tunaijenga Jambiani, inaangalia bahari, tumekwama kwenye lango. Mwenye mradi anataka banda la makuti lililo wazi, mgeni akishuka kwenye gari tu anaiona bahari. Mimi naona mlango mkubwa wa nakshi, na kuna mwenzetu anasema daka kama la Lamu, yaani kibaraza chenye paa mbele ya mlango. Ndani tunabishana chokaa au rangi ya kawaida.

seremala_unguja: Banda wazi linapendeza kwenye picha ila huko ni upande wa kusi, ikifika Juni hivi upepo unaingia moja kwa moja mpaka mezani mapokezi, karatasi zinaruka, chumvi inakula kila cha chuma. Makuti wekeni mgahawani.

Bi Zaituni: Mlango wa nakshi naupenda sana lakini naomba msichanganye mitindo jamani. Wenye kizingiti cha juu cha mstatili ndio wa zamani zaidi, ule wa upinde juu umeshamiri mwishoni mwa karne ya 19 kwa ushawishi wa Kihindi. Tembeeni Mji Mkongwe mkaitazame yote miwili kabla hamjamlipa mchongaji, na mfaa wa katikati, ule mti wa wima mbao mbili za mlango zinapokutana, apewe fundi mzoefu maana hapo ndipo jicho linapotua kwanza.

seremala_unguja: Naongezea, bawaba na skrubu ziwe za shaba au stenlesi, chuma cha kawaida kikishika kutu kinavimba kinapasua mbao hata iwe mvule.

Kibwana_Lamu: Kwa nini mnachagua kati ya daka na mlango? Vinakaa pamoja! Daka lina paa na baraza mbili za mawe, mgeni anakaa kivulini mizigo ikishushwa, mlango uko nyuma yake kwa hiyo mvua ya masika haiupigi. Halafu ukishaingia njia inapinda kona kwanza ndio unatokea uani, mpita njia haoni ndani na mgeni anaikuta bahari kwa ghafla. Kuhusu chokaa, ukuta wenu ni wa mawe ya matumbawe au matofali? Matumbawe ukiyapiga plasta ya saruji unafungia unyevu ndani, rangi itabanduka tu.

MwanaPwani: Matofali ya saruji, inchi 6. Na tulitaka zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za taa vyumbani.

Kibwana_Lamu: Inchi 6 hazitoshi kwa zidaka, ukichimba unatokea upande wa pili. Jengeni ukuta wa pili mbele yake, hata kama ni upande wa kitandani tu, kisha chokaa juu. Taa iwe ya manjano na ifichwe juu ya kidaka isimpige mtu machoni.

MwanaPwani: Basi daka na mlango wa mstatili nyuma yake, namwandikia mwenye mradi leo. Nani anajua pa kupata mvule uliokauka sawasawa, sio wa juzi?