Malkia wa sisimizi wangu amekufa, vibarua (sisimizi wafanyakazi) wamebaki. Nani amewahi kuwapa malkia mwingine? Tupeane uzoefu

MamaSisimizi (Umoja)
Wadau, nianze na aibu yangu. Malkia wangu wa Camponotus maculatus, wale warefu wanaozurura jikoni usiku, alikufa mwezi wa tatu. Nilichelewa kujua, maana vibarua waliendelea kumlamba na kumhamisha huku na huku kana kwamba yuko hai. Mvua ilipoanza nikaokota malkia wawili kwenye ngazi za ploti, mabawa wameshayakata, nikasema Mungu si Athumani. Mmoja nikamtia ndani saa mbili usiku. Saa nne walikuwa wamemtanua, kila kibarua ameng'ang'ania mguu wake. Asubuhi kichwa kiko huku, tumbo liko kule. Wa pili bado yuko kwenye mrija wake. Nimebaki na vibarua 40 hivi na vifuko kama 15 vyenye watoto wanaokua ndani. Nifanye nini?

Kinyozi_wa_Kahawa
Pole dada. Mimi nilidanganywa na friji. Niliwaweka wote dakika kumi, vibarua na malkia, wakalegea, nikawamwaga pamoja. Walipoamka walitembea juu yake bila neno, nikaita mke wangu aje aone. Siku ya tatu nikamkuta ameburutwa hadi kwenye jaa lao la takataka. Baridi huwapunguzia kasi tu. Harufu haiguswi, na sisimizi hujuana kwa harufu ya mafuta yaliyo juu ya ngozi, si kwa sura.

NyukiKitengela
Mimi mfugaji wa nyuki, sisimizi nawafuga kwa starehe. Kwa nyuki, malkia mgeni huingizwa ndani ya kizimba kidogo kilichozibwa kwa sukari laini. Wanapomaliza kuila sukari, siku kadhaa zimepita na harufu yake wameizoea. Nikajaribu hivyo kwa sisimizi, na kichujio cha chai. Wiki mbili! Walikuwa bado wanauma ule wavu kwa hasira, nikamtoa mama wa watu kabla hajafa kwa wasiwasi. Halafu nyuki wana bahati: malkia akifa, hulea mwingine kutoka kwa buu changa. Sisimizi wako hata wakilea binti, atapandwa na nani ndani ya kasha? Malkia hupandwa wakati wa kuruka, akahifadhi mbegu za kutumia maisha yake yote.

Rongai_Usiku
Wote mnaianza hadithi kwenye mkia. Usimpelekee malkia vibarua. Mpelekee watoto.

Mimi pia nilikuwa na Camponotus yatima. Malkia mpya alikuwa peke yake kwenye mrija wa kioo, maji nyuma ya pamba, giza, hakuna kusumbuliwa. Nikachukua vifuko sita kutoka kwa vibarua, vile vya rangi ya chai ya maziwa ambavyo watu huviita mayai, nikaviteleza ndani kwa brashi ya rangi ya maji. Usitumie kibano, nilitoboa kimoja hivyo. Alivinusa nikashika roho, kisha akavirundika chini ya tumbo lake. Wakati wa kutoka ulipofika alivipasua mwenyewe kwa taya. Kibarua aliyetoka sasa hivi ni mweupe mweupe, mlegevu, na harufu ya kwao bado haijamkaa. Anayemkuta ndiye mama yake. Viwili vilikauka, wanne wakatoka salama, na hao ndio waliomlisha asali niliyowawekea.

Wazee sikuwachanganya kamwe. Niliwalisha kwenye kasha lao hadi walipoisha mmoja mmoja, miezi kama saba. Nilikuwa nikiwachotea maji nikijisikia kama msimamizi wa nyumba ya wazee.

Ploti_Kumi
Mimi sikufanya kitu. Vibarua wakataga wenyewe, nikashangilia kwenye status. Wote wakatoka madume wenye mabawa. Yai lisilo na mbegu hutoa dume. Nikafuta status.

MwanaBiolojia_Juja
Kuna wanaopokeana lakini. Siafu wa Mlima Kenya, Dorylus molestus, watafiti waliwaondolea malkia, na vibarua yatima wengi wakaenda kujiunga na kundi jirani. Na sisimizi wale wadogo wa njano wa kwenye sukari huishi na malkia wengi pamoja. Camponotus maculatus usimtarajie hivyo.

Wakili_wa_Mtaa
Samahani kuharibu mazungumzo. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, iliwapiga watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au mwaka mmoja jela, kwa sababu ya sisimizi hai, wengi wao malkia. Mdudu naye ni mnyamapori. Ulizeni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kuhusu kibali, na msiuziane malkia hapa tafadhali.

MamaSisimizi (Umoja)
Wakili, nimekusikia, Jumatatu naenda kuuliza. Rongai, jana usiku nimempa vifuko vitano kwa brashi ya mtoto wa darasa la pili, ambaye sasa anataka brashi yake irudi. Vinne amevikumbatia. Cha tano amekisukuma hadi kwenye pamba na kukiacha hapo, nami sijui kama nikitoe au nimwachie.

Rongai_Usiku
Mwachie. Na mnunulie mtoto brashi nyingine.