Kuunganisha ramani ya nchi kavu na chati ya bahari: ngazi hii ufukweni imetoka wapi?

Mpimaji wa Pangani: Habari zenu wanajukwaa. Ninatayarisha ramani ya maeneo yanayoweza kufikiwa na tsunami kwenye mlango wa mto Pangani. Miinuko ya nchi kavu nimeitoa kwenye data za rada zilizokusanywa kutoka angani mwaka 2000, na vina vya maji nimevinakili kutoka kwenye chati ya mabaharia. Nilipoziunganisha, ufukweni pametokea ngazi ya takriban mita 2, na upande wa Bweni, ng'ambo ya mto, kuna kilima ambacho mimi, mzaliwa wa hapa, sikijui. Nimekosea wapi?

Bildi: Ngazi hiyo ni ya sifuri mbili zisizolingana. Chati huhesabu kina kuanzia maji yanapokupwa kabisa, ili nahodha asikute maji machache kuliko yaliyoandikwa, ilhali wapima ardhi huanzia usawa wa wastani wa bahari, ambao kwa pwani yetu uko juu zaidi kwa kama mita 2. Penye 3 kwenye chati, wewe andika 5. Usilipuuze jambo hili: tarehe 26 Desemba 2004, siku ya mwezi mpevu, mawimbi ya tsunami kutoka Sumatra, Indonesia, yalitufikia maji yakiwa yamekupwa, na hiyo ni sababu mojawapo iliyotuepusha na madhara makubwa zaidi.

Mama Mikoko: Kilima chako nadhani ni mikoko au minazi, kwa kuwa rada ile haikufika chini penye majani mazito. Ukikiacha, ramani itawaambia watu wakimbilie kinamasini. Picha za ndege zisizo na rubani nazo huishia kwenye vilele vya miti. Tafuta vipimo vya mwanga wa leza, ambao hupenya kati ya majani.

Bildi: Niongeze kuhusu maji machache. Penye kina cha mita 4,000 tsunami huenda kasi ya kama kilomita 700 kwa saa. Penye mita 10 hubaki 36 tu, na wimbi hujikusanya na kuinuka. Kwa hiyo kosa la mita 2 ambalo huko kilindini si kitu, karibu na mwamba hubadili kabisa mahali maji yatakapofika, na ndipo hapo meli za upimaji zinapoogopa kuingia. Kodi mashua wakati wa bamvua, maji yakijaa, upime mwenyewe, na kila kipimo ukiandikie saa, kwa kuwa maji hupanda na kushuka.

Mpimaji wa Pangani: Ahsanteni. Nimerekebisha sifuri na ngazi imetoweka. Kesho nitavuka kwa kivuko kwenda Bweni kukitazama hicho kilima.