Mama akimbeba mtoto kabla ya ruhusa, askari amfungie lango?

Hoja ya mjadala: wodi ya watoto, kisiwani Lamu. Mtoto hajaruhusiwa, mama ashamfunga mgongoni, boti ya kisiwa cha Pate iko karibu kung'oa nanga. Azuiwe?

Nesi wa watoto: Azuiwe. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunate: ya pili saa 12 baada ya ya kwanza, ya tatu saa 24. Kufikia hapo mtoto anacheza, mama asema kapona. Bado! Zafuata tembe za AL, dawa ya malaria ya kumeza, za siku 3; asipozimeza, vimelea vilivyosalia huzaana upya. Halafu kuna kanula mkononi, kile kijibomba cha kupitishia dawa mshipani. Akienda nayo nyumbani, mshipa waweza kuvimba na kutunga usaha.

Wakili: Dada nesi, Katiba, ibara ya 53(2), yatanguliza maslahi ya mtoto, kwa hiyo mzazi hana uhuru wa kumhatarisha. Lakini askari si hakimu. Kazi yake ni kumwita daktari. Hatari ikiwa kubwa na mzazi akikataa katakata, aitwe afisa wa watoto. Na msichanganye na bili: Mahakama Kuu imeshaamua kwamba kumshikilia mgonjwa kwa deni ni kinyume cha Katiba. Askari aliyezoea kudai risiti langoni, leo akisema "ngoja dawa", nani atamwamini?

Mhudumu wa afya ya jamii, Pate: Mwabishania lango, shida ni maji. Boti zetu hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda hupitika maji yakijaa. Mtoto huambiwa "leo unatoka" asubuhi, kisha karatasi zikangoja daktari, dawa zikangoja dirisha, maji yakapwa. Mara nyingine mama hatoroki matibabu, atoroka foleni. Aulizwe siku ile ile ya kulazwa: wadogo umewaacha na nani? Warudi kwa boti ya saa ngapi? Daktari aanzie kitanda hicho.

Nesi wa watoto: Kwa anayekaribia kutoka, sina neno. Lakini mwenye utapiamlo mkali aliye kwenye F-75, maziwa maalumu ya kutibu utapiamlo? Hunyweshwa kila baada ya saa 2 au 3, usiku kucha. Akiruka milo miwili sukari yaweza kushuka, mwili ukapoa, akafa usingizini. Hapo hakuna kifurushi cha kumpa mama. Lango lifungwe, maji yatajaa tena.

Wakili: Lifungwe mpaka daktari afike, na saa iandikwe kwenye faili.

Mhudumu wa afya ya jamii, Pate: Na yule wa malaria akishikilia kwenda, fomu ya kukataa ushauri isiwe ngao ya hospitali tu. Kanula itolewe. Tembe ya kwanza aimeze mbele ya nesi, ya pili baada ya saa 8, zilizobaki asubuhi na jioni, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Saa ziandikwe juu ya pakiti kwa Kiswahili. Na nipigiwe simu boti ikiwa bado gatini, si wiki ya pili.